Hodi Kutoka Chini ya Basi

Basi la timu lilikuwa limekwisha toka getini, limekata kona ya kwanza, na Cherehani alikuwa ndani yake. Shida ni kwamba hakuwa kwenye kiti.

Alikuwa kwenye buti.

Ninyi mliosoma wiki iliyopita mnakumbuka alivyofika humo. Kwa mliokuwa na shughuli zenu, habari ni fupi. Mshambuliaji wetu, kijana anayeitwa Cherehani kwa jinsi miguu yake inavyowashona mabeki tak-tak-tak-tak, alimwona Dada Redio, mtangazaji, amesimama getini na kinasa sauti mkononi. Akageuka. Mlango wa basi ulikuwa upande wa Dada Redio, mlango wa buti ulikuwa upande wake. Akajitosa humo katikati ya magunia ya jezi, nia yake akae nusu dakika tu, mpaka yule mama achoke. Mzee wa Jezi, mtunza vifaa, akaja nyuma yake akiwaza mambo yake, akarusha mfuko wa mipira, akafunga mlango kwa goti na kutia komeo.

Tukamwacha hapo, gizani, mfuko wa mipira tumboni.

Mtu mwingine yeyote angepiga kelele. Cherehani alivuta pumzi apige, akafungua mdomo, na papo hapo injini ikawaka. Akaufunga mdomo kama mtu aliyemeza nzi.

Kwa sababu timu ile ilikuwa na mwiko.

Mwiko wenyewe ulianza kwa ugomvi. Kuna mtu alichukua taulo la mwenzake akafutia viatu. Wakagawanyika, wakanuniana, wakasafiri mpaka uwanjani hakuna anayemsemesha mwenzake, wakashinda mabao manne. Safari iliyofuata Nahodha akasimama kabla ya kuondoka akasema, "Jamani, tununiane tena." Wakanuniana, wakashinda. Tangu hapo ikawa sheria: injini ikishawaka, hakuna kinywa kufunguliwa mpaka filimbi ya kwanza. Anayesema hata neno moja anabeba viatu vya timu nzima mwezi mzima. Kuomba ni moyoni. Anayebanwa na haja anaweka mkono kichwani. Safari moja dereva aliwapeleka uwanja ambao siyo, wote wakaona, wakamwacha aende mpaka mwisho wa barabara, kwenye machimbo ya mawe, ndipo alipogundua mwenyewe.

Lakini walikuwa hawajafungwa tangu lile taulo. Na leo ilikuwa marudio ya fainali.

Kwa hiyo Cherehani alinyamaza, na juu yake timu nzima ikanyamaza, na basi likaenda.

Akasikia miguu. Aliijua ile miguu, ni ya Kufuli, golikipa, jirani yake wa kiti. Kufuli alikuwa ameona kiti kitupu. Miguu ikaenda mbele kwa dereva, ikakanyaga-kanyaga hapo, ikarudi kwenye kiti kitupu, ikarudi tena kwa dereva. Cherehani aliona yote kichwani: Kufuli anaonyesha kiti, anaonyesha nyuma barabarani, anachora mtu mwembamba hewani kwa mikono ile mikubwa kama makasia. Dereva naye anaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

Basi likaongeza mwendo.

Hapo ndipo mtu alipokohoa. Si juu. Humo humo butini, nyuma ya gunia la soksi.

"Usishtuke, mdogo wangu," sauti ikasema. "Ni mimi."

Nchi nzima iliijua sauti ile. Kila jioni ilitangaza mipira, ndondi na riadha, huku ikikoroma kidogo kwenye herufi za mwisho kwa ajili ya kikohozi cha miaka mingi. Taa ya simu ikawaka, na Dada Redio akaonekana amekaa kitako juu ya begi la viatu, soksi moja imemning'inia begani.

"Buti lina milango miwili," akasema. "Ulipoingia huku, niliingia kule. Nilijua tutaongea dakika mbili nitoke. Huyu mzee wenu ana goti la haraka, kafunga na kule."

Cherehani akaweka kidole mdomoni.

"Nini? Jino?"

Akazungusha mikono kama anaendesha gari, kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Aa, mwiko wenu. Basi nyamaza wewe. Mimi sijasajiliwa."

Akajikongoja mpaka karibu, akazima taa kuokoa betri, akawasha kinasa sauti. Kidoa chekundu kikawaka gizani.

"Nimekutafuta tangu Jumamosi," akasema. "Nimekaa nje ya mazoezi yenu mpaka mlinzi akaanza kuniletea kiti. Kila nikikupata unanijibu mechi ilikuwa ngumu, tunamshukuru Mungu, tunajipanga. Juzi nilikukuta dukani unanunua dawa ya meno, ukaniambia mechi ilikuwa ngumu."

Kweli alimwambia hivyo. Alikuwa amezoea.

"Sasa tufanye hivi. Hapo ulipo kuna bati. Gonga. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana."

Cherehani akafikiri. Kugonga siyo kusema. Nahodha mwenyewe hugonga kioo akitaka basi lisimame, na hakuna aliyewahi kumbebesha viatu. Akakunja ngumi.

Ngo.

"Safi. Unanisikia vizuri?"

Ngo.

"Umekalia mkate wangu?"

Akapapasa chini yake. Kulikuwa na karatasi, na ndani ya karatasi kitu kilichokuwa kinene zamani.

Ngo.

"Nilijua. Haya, sasa ya maana." Sauti ikashuka. "Jumamosi, mechi ya kwanza na hawa wa leo, dakika za mwisho, ulikwenda kupiga kona upande wa mashabiki wao. Jukwaa lote likaanza kukutolea sauti za nyani. Ulizisikia?"

Ngumi ikabaki hewani. Basi lilikuwa linapita kwenye matuta, na mfuko wa mipira ukarukaruka kama una watoto ndani.

Ngo.

"Ulijua ni wewe wanayemlenga?"

Timu ile ilikuwa na rangi zote, kama vifungo kwenye kopo la fundi nguo. Lakini mweusi kuliko wote alikuwa yeye, na siku hiyo pale kwenye kona alikuwa peke yake na bendera.

Ngo.

"Umemwambia mtu? Kocha?"

Ngo-ngo.

"Mama yako?"

Ngo-ngo, haraka.

"Leo utasema? Ukifika pale, maikrofoni zikiwa mbele yako?"

Ngo-ngo.

"Kwa nini?"

Hakuna namna ya kugonga kwa nini. Alijaribu. Akagonga, akagonga tena, akagonga mfululizo.

"Ngoja, ngoja. Hiyo ni ngapi? Mimi sikusomea kupokea simu za upepo." Akacheka, akakohoa. "Nitakisia mwenyewe. Ile timu ya ng'ambo inayokutaka?"

Ngo.

"Wakala wako kakwambia wenzetu wanataka miguu, hawataki mdomo?"

Ngo. Ni maneno yake hasa.

"Na Kocha kasema ujibu kwa mabao."

Ngo.

"Na Nahodha?"

Hapo alisita. Nahodha ndiye aliyempokea siku ya kwanza, akamwonyesha kabati, akamgawia sabuni. Jumamosi baada ya mechi alimkalisha pembeni akamwambia, "Mdogo wangu, ukiwajibu unawapa wanachokitaka. Wewe kaa kimya, watachoka." Alisema kwa upole, mkono begani. Cherehani alishukuru.

Ngo, taratibu.

"Sitakudanganya," Dada Redio akasema. "Huenda wana haki wote. Nilimhoji bondia mmoja aliyesema. Wiki ya kwanza walimbeba mabegani. Wiki ya pili wakamwambia apigane, aache hotuba. Sina cha kukuahidi, hata mkate sina tena. Ila nilitaka nikuulize wewe mwenyewe, siyo wakala wako wala Kocha. Unaonaje?"

Anaonaje? Alikuwa na jibu, na lilikuwa limemkaa kooni tangu Jumamosi. Kwa nini aliyetukanwa ndiye apewe na kazi ya kueleza? Uwanja mzima ulikuwa na masikio. Wenzake kumi walikuwa nyasini, wengine kwenye benchi, refa na filimbi yake, na wote walirudi nyumbani wakaoga wakalala. Yeye ndiye anayefuatwa mpaka dukani. Akitaka kuwa mshambuliaji tu, apige mpira, aende zake, kuna ubaya gani?

Lakini hilo haligongeki.

"Haya," Dada Redio akasema. "Nimechoka kuuliza. Jana nilikwenda saluni kwa dada yako."

Cherehani akaruka, kichwa kikapiga bati. Ngo.

"Hiyo ni ndiyo?"

Ngo-ngo.

"Dada yako alikuwa na mteja, kichwa kimejaa povu. Niliongea na mpwa wako. Mama yake aliruhusu, na sitarusha hewani mpaka wewe uniambie. Sikiliza tu."

Msomaji, mpwa huyu ana miaka tisa. Anacheza timu ya wasichana ya shule, jezi mgongoni ina namba ya mjomba wake, na soksi anazivuta mpaka magotini kama mjomba wake. Kinasa sauti kikabofya. Kwanza ikasikika mashine ya kukaushia nywele, kisha mtoto akisafisha koo kama mtu mzima.

"Nasikia huendi mazoezini," sauti ya Dada Redio iliuliza humo kwenye kinasa.

"Siendi."

"Kuna nini?"

"Walinifanyia zile sauti. Zile za kwenye mechi ya Mjomba."

"Nani?"

"Watoto tu. Watatu."

"Wewe ukawajibu nini?"

Mashine ya nywele ikazimwa. Mtoto akasema vizuri, kwa sauti ya kujivunia kidogo:

"Nikawaambia mechi ilikuwa ngumu, tunamshukuru Mungu, tunajipanga."

Cherehani akakaa kitako gizani.

"Na mazoezini utarudi lini?"

"Bado najipanga."

"Unafikiri Mjomba wako alijisikiaje siku ile?"

"Lakini siye yeye waliyemwita," mtoto akasema. "Mama anasema ni yeye, lakini siye. Mjomba haogopi kitu. Angekuwa ni yeye, angesema."

Kikabofya tena. Yakabaki magurudumu na mipira.

"Dada," akasema Cherehani.

Alisema kwa mdomo. Alijisikia mwenyewe akisema, na mechi zote zile zikapita mbele ya macho yake zikimpungia mkono wa kwaheri. Basi potelea mbali.

"Walikuwa wananiita mimi!"

Hakukusudia iwe kwa sauti ile. Miezi ya kunyamaza butini na nje ya buti ilitoka pamoja. Sakafu ya basi ilitetemeka. Juu yake kitu kizito kikaanguka, kikafuatwa na vitu vizito vingine, na dereva akakanyaga breki kwa miguu miwili.

Gunia la soksi likampata Dada Redio usoni.

Mlango wa buti ulipofunguliwa, mwanga uliingia pamoja na fagio. Nyuma ya fagio alikuwa Mzee wa Jezi, macho yametoka, amejitayarisha kupambana na jini. Kumbe tangu walipoanza kugongagonga, basi zima lilikuwa linasikia hodi kutoka sakafuni, mara moja, mara mbili, mara moja, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza ni nini. Kufuli alikuwa amepandisha miguu kwenye kiti. Daktari wa timu alikuwa anajipima mapigo mwenyewe.

Mzee wa Jezi akamtazama Cherehani. Akamtazama Dada Redio, aliyekuwa anatoa soksi mdomoni. Akautazama mkate. Fagio likashuka.

Walikuwa wamesimama kwenye kituo cha mafuta. Timu nzima ilishuka, suti za mazoezi zote za bluu, wakajipanga nusu duara, na hakuna aliyetoa sauti. Kocha akafika mbele. Akamwonyesha Cherehani kidole. Akamwonyesha Dada Redio. Akaonyesha saa yake, akaonyesha mbingu, akashika kiuno, akazunguka mara moja, akashika kichwa. Katika maisha yake yote hajawahi kugomba vizuri namna ile.

Muuza mafuta aliacha bomba.

"Hawa wote hawasemi?" akamuuliza Dada Redio.

"Wana fainali," akajibu.

"Aa," muuza mafuta akasema, kana kwamba imeeleweka.

Nahodha alikuja taratibu mpaka mbele. Akanyanyua mkono, akafanya vidole kama mdomo wa ndege, ukifunguka na kufungika: umesema. Akapitisha kidole shingoni: bahati imekwisha. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu aliyeangushiwa sahani ya harusi. Nyuma yake mabeki wawili walianza kuvua viatu na kumpangia Cherehani miguuni, aanze kuvibeba.

"Nitavibeba," Cherehani akasema. "Mwezi mzima, vyote. Nimeshavunja. Kwa hiyo mniache nimalize, maana kubeba ni kulekule."

Kocha akaziba masikio ya beki aliyekuwa karibu, sijui kwa nini.

"Mimi sijui kuongea," Cherehani akaendelea. "Mnajua wenyewe. Ninajua maneno matatu na yote mmeyazoea. Jumamosi nilikwenda kupiga kona. Nikasikia. Nikarudi, nikawaangalia nyie, kila mtu akawa anafunga kamba za kiatu. Watu kumi, kamba zote zimefunguka dakika moja." Kuna aliyetaka kucheka, akajiziba. "Nikasema labda sikusikia vizuri. Nimekaa nasema hivyo siku zote hizi. Labda siye mimi. Sasa nina mpwa wangu naye anasema hivyohivyo, na ana miaka tisa, na amejifunza kwangu."

Akafuta pua kwa mkono wa jezi.

"Siwaambii mseme. Bahati yenu itunzeni. Nataka kujua tu kama nina masikio mabovu. Gongeni basi. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Siku ile mlisikia?"

Pampu ya mafuta ikaendelea kuhesabu lita kwenye gari ambalo hakuna aliyekuwa analiangalia.

Kufuli akatoka kwenye mstari. Akatembea mpaka ubavuni mwa basi, akainua lile kasia lake la mkono, akapiga.

Ngo.

Bati likaitika mpaka nyuma. Akafuata beki wa kulia, ngo, na yule wa kushoto, ngo, kwa kiatu alichokuwa ameshika. Daktari wa timu akagonga kioo kwa pete. Wa akiba wakagonga kwa pamoja, wakagombania nafasi. Mzee wa Jezi akapiga kwa mpini wa fagio mara moja, akaliangalia bonde aliloacha kwenye bati, akaridhika. Dereva alikuwa bado kwenye usukani na hakuwa na bati karibu. Akapiga honi, moja, ndefu. Muuza mafuta, ambaye siku ya mechi alikuwa kazini na hakusikia chochote, naye aligonga pampu ili asiachwe nyuma.

Akabaki Kocha. Alikuwa anaangalia saruji. Akainua ngumi kwenye bati, ikakaa pale, halafu ikashuka bila kugonga.

"Nilisikia," akasema, kwa mdomo wake, mbele ya wote. "Nilisikia hata kabla ya kona. Nikajiambia tukimaliza mechi nitasema. Tukamaliza." Akatazama huku na huku, akagundua alichofanya, masikio yakawa mekundu. "Sasa mnakodoa nini? Pandeni. Tumechelewa."

Hapo kizuizi kilibomoka. Yule beki mwenye kiatu mkononi akasema, "Mimi taulo sikulichukua. Miezi yote hii mnaninunia, taulo sikulichukua." "Nilichukua mimi," akasema daktari wa timu. Kila mtu akawa na lake la akiba. Unakoroma. Ule mpira ulikuwa wangu. Mke wangu kajifungua mapacha, sikupata nafasi ya kuwaambia. Wakapanda ngazi wanasukumana na kupigiana kelele, na Dada Redio katikati yao, akigawiwa ndizi, mkate na pole.

Katika zogo lile mtu mmoja alipanda bila kusema neno, akakaa kiti cha mbele, akageukia dirisha. Cherehani alimwona. Wakati wote wa hodi zile, mikono ya Nahodha ilikuwa mfukoni.

Safari ikaendelea, basi likiwa na kelele kama shule iliyofunguliwa milango. Cherehani akaziba sikio moja, akapiga simu saluni.

"Mjomba," mpwa wake akasema. "Mechi ilikuwa ngumu?"

"Bado hatujacheza."

"Sasa mbona unapiga?"

"Nataka kukwambia kitu. Siku ile walikuwa wananiita mimi."

Nyuma ya mtoto maji yalikuwa yanamwagika kwenye beseni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukawaambia nini?"

"Bado. Washa redio, sasa hivi tunafika."

"Redio ya Mama ina mteja," mtoto akasema. "Anasikiliza nyimbo."

"Mwambie mteja mjomba wako kasema."

"Ngoja." Simu ikawekwa chini. Zikasikika sauti, kwanza ndogo, kisha kubwa, kisha ile ya mtoto juu ya zote. Simu ikanyanyuliwa. "Nimemwambia. Tumewasha."

Uwanjani maikrofoni zilikuwa zimepangwa mlangoni, na nyuma yake waandishi wenye sura za watu wanaojua watakachosikia. Baadhi walikuwa wamekwisha yaandika yale maneno matatu ili kuokoa muda. Dada Redio akajipenyeza mbele, uzi wa soksi umenasa kwenye nywele, makombo kifuani.

"Cherehani," akauliza, kama hawajawahi kuonana. "Unasemaje kuhusu Jumamosi?"

Cherehani akashika maikrofoni. Akafungua mdomo.

"Mechi ilikuwa ngumu," mdomo ukasema wenyewe.

Kufuli, aliyekuwa nyuma yake, akamgonga kisogoni. Mara moja.

"Hapana," Cherehani akasema. "Mechi haikuwa ngumu. Ngoja niwaambie kilichokuwa kigumu."

Na akawaambia.

Yaliyofuata ni haya. Walifungwa mawili kwa moja. Moja alifunga Cherehani, na moja kati ya yale mawili lilitokana na mpira alionyang'anywa yeye. Zile sauti zilirudi, pungufu ya siku ya kwanza. Refa alisimamisha mchezo, akaurudisha, akausimamisha tena. Chama cha mpira kiliunda kamati, na kamati inakaa. Wako mashabiki wanaosema kombe lilipotea kwa sababu ya mdomo. Mzee wa Jezi anasema lilipotea kwa sababu ya mwamba wa goli.

Mwiko ulifutwa. Basi lina kelele hata dereva ameomba urudishwe, angalau kwenye mteremko. Daktari wa timu alinunua taulo jipya. Bonde la fagio bado liko ubavuni mwa basi, na Kocha amekataa linyooshwe. Waandishi wakiuliza kuhusu zile sauti, siku hizi Kocha anajibu mwenyewe, vibaya, kwa sentensi zisizoisha.

Dada Redio alipewa onyo na mkuu wake kwa kuingia kwenye buti la watu, na siku ileile akaongezewa muda wa kipindi. Ile sauti ya mtoto hakuirusha.

Timu ya ng'ambo iliacha kupiga simu. Wakala naye aliacha. Cherehani alibeba viatu mwezi mzima, kwa kuwa sheria ilikuwa bado haijafutwa alipoivunja. Kufuli alimsaidia kubeba vya kwake.

Mpwa alirudi mazoezini. Kati ya wale watoto watatu, wawili walimwomba radhi na mmoja alihamia timu nyingine. Mwalimu wake amemweka golini ili apunguze maneno. Haijasaidia.

Nahodha bado ni nahodha. Kuhusu kituo cha mafuta hajasema lolote, na Cherehani hajamuuliza. Jioni moja alimpigia Cherehani simu, akakaa kimya muda mrefu, mpaka Cherehani akadhani imekatika. Kisha kikasikika kitu kikigongwa upande wa pili, na simu ikakatwa. Cherehani hajui kama kiligongwa mara moja au mara mbili. Mpwa wake alikuwa chumba kilekile, amesimama juu ya kiti, anasimulia namna alivyodaka.